Namba Niliyoandika kwenye Mlango wa Wakwe

Mimi mkasa huu huwa nausimulia nikicheka, ili mtu mwingine asinitangulie kunicheka, lakini leo tuko wenyewe kwa wenyewe na sina haja ya kujikaza, kwa hiyo nitasema tu kwamba nilimpoteza mchumba kwa kuzidisha kwa mbili. Wenye kumkosa mke kwa ulevi nawaonea wivu, maana wao angalau walikunywa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi ni mwalimu kijana wa hesabu kwenye shule moja huko Kiptere, nimetoka chuoni juzi juzi na kichwa kimejaa namba kubwa kubwa ambazo hakuna mtu aliyekuwa ameniomba. Nilijua jua liko maili ngapi, mwanga unakwenda mbio kiasi gani, na nilikuwa nikizitoa hizo namba popote, sokoni, kanisani, hata matangani (ndiyo, matangani, msiniangalie hivyo). Watu wakaniita Milioni, nami nikadhani ni sifa.

Chelangat, mchumba mwenyewe, kwao kulikuwa Roret. Sitasema mengi juu yake kwa sababu bado inaniuma. Tulikuwa tumeelewana, yeye na mimi, na kilichobaki kilikuwa cha wazee. Na nyinyi mnajua kwetu Kipsigis posa, ile tunayoita koito, si jambo la siku moja. Wazee wanakwenda, wanarudi, wanakwenda tena, na kazi kubwa kuliko zote ni kuchunguza koo, kwamba hawa wawili wasije wakawa ndugu. Baba yangu, pamoja na mguu wake mbovu, alitembea mpaka Merigi kwenda kumwuliza ajuza mmoja habari za bibi yake Chelangat alitoka ukoo gani, akalala huko, akarudi amevimba goti na anatabasamu. Hakuna udugu, alisema, njia ni nyeupe. Ilikuwa imebaki safari moja tu, ya kunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, na kufunga maneno.

Sasa kwa desturi mwenye kuposa hakai pale wazee wanapozungumza. Anabaki nyumbani, anasubiri, basi. Lakini mimi nilikuwa nimeshonesha koti jipya kwa fundi Mkikuyu wa pale sokoni, koti la kijivu lenye mifuko mitatu, na nikaona itakuwa hasara kubwa kama wakwe hawataliona. Nikamwambia baba nitawasindikiza. Akaniangalia sana. "Utakaa karibu na mlango," akasema, "na utaangalia chini." Nikasema sawa. Huo ndio uamuzi ulioniponza, wa koti.

Tulipofika tulipokelewa vizuri kabisa. Nyumba imejaa wazee, wanawake wako nje upande wa jikoni (Chelangat alikuwa kati yao, nilisikia sauti yake), kibuyu cha mursik kimeshatikiswa na kiko pale mbele ya baba mkwe. Nikakaa karibu na mlango, nikaangalia chini. Nawaambia niliangalia chini muda mrefu tu.

Aliyenitoa huko chini ni mjomba wake Chelangat. Huyu alikuwa nyapara kwenye shamba la chai la wazungu, mtu mnene wa sauti ya taratibu, na kila mtu alijua kwamba yeye alikuwa na mtu wake wa kumwoza yule binti, karani wa mizani pale pale shambani. Akanigeukia kwa upole. "Wewe ndiye mwalimu wanayeita Milioni? Hebu tuambie, ati jua liko mbali namna gani?"

Baba akakohoa. Mimi kikohozi nilikisikia, na nikajibu hata hivyo. "Maili milioni tisini na tatu."

Wazee wakaguna. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na moto, wa wale waliokuwa bado wanatoka nje alfajiri kuliomba jua likichomoza, akauliza, sasa kama ni mbali hivyo linatufikiaje. Nikamweleza kwamba mwanga unakimbia maili laki moja na elfu themanini na sita kila sekunde, na bado unachukua dakika kama nane kufika, kwa hiyo lile jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita. Yule mzee akafikiri. "Kumbe kila asubuhi nasalimia mtu aliyekwisha kuondoka," akasema, na nyumba nzima ikacheka, hata baba mkwe, na nje nikasikia wanawake nao wanacheka. Mambo yangekwisha pale pale, ningekuwa leo na wajukuu.

"Hiyo ni ya juu," mjomba akasema. "Hapa chini kwetu kuna kitu gani cha kufika milioni?"

Yule mzee wa motoni, Mungu amrehemu, alitaka kuniokoa bila kujua. "Majani chai," akasema. "Shamba lenu lile." Mngeniona wakati ule. Ningehesabu majani chai nikaondoka na mke. Lakini mimi majani chai niliyaona ni kitu cha kawaida mno, nilitaka kitu cha kuwashangaza, nikasimama (nilisimama, mbele ya wakwe) nikasema, "Babu zetu."

Chaki haikosi kwenye mfuko wa mwalimu. Nikaufunga mlango wa mbao nikaanza kuandika juu yake. Kila mtu ana wazazi wawili, sivyo? Na babu na bibi wanne. Na nyuma yao wanane. Nikaenda nazidisha kwa mbili, naandika kushuka chini, na kila namba ikikua wazee wanasema eee, na mimi kila eee inanipandisha kichwa, mpaka vizazi thelathini, nikaandika kwa madoido na kusoma kwa sauti ya darasani: milioni elfu moja na sabini na tatu, laki saba elfu arobaini na moja, mia nane ishirini na nne. Na huyo ni mtu mmoja tu, nikasema.

"Watu wote hao walikaa wapi?" mjomba akauliza.

Swali zuri, nikasema. (Nilimsifu. Nilimpa sifa kama mwanafunzi.) Hawakuwapo wengi hivyo duniani wakati huo. Maana yake babu wale wale wanarudiwa rudiwa, babu yako ni babu yangu, tumechanganyika wote.

"Kwa hiyo wewe na mtoto wetu ni ndugu."

Alisema polepole, na hakuwa anacheka. Nikageuka, chaki mkononi. Baba alikuwa ameshika goti lake. Sasa mtu mwenye akili angesema hapana, akakaa chini. Mimi nilikuwa mwalimu, na hesabu ilikuwa imeandikwa mlangoni, na ilikuwa sahihi. "Kwa hesabu, ndiyo," nikasema, "lakini wa mbali sana." Nilipoona nyuso zao nikajaribu kutengeneza. "Si sisi tu. Hata nyinyi wazee na mama zetu huko nje, wote mmeoana ndugu."

Nadhani kilichonimaliza ni kwamba Chelangat alikuwa huko jikoni na alisikia kila kitu.

Baba mkwe hakunigombeza. Alichukua kifuniko cha kibuyu akakifunga. "Neno hili likishatajwa hapa," akamwambia baba yangu, "mimi siwezi kuendelea. Si kwamba nakukataa, rafiki yangu. Wewe pia usingeweza." Na baba akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi nikawa napangusa mlango kwa mkono wa koti jipya, napangusa kwa nguvu, na chaki inazidi kutapakaa, na hakuna aliyeniambia niache. Ilibidi baba anishike bega ili mlango ufunguliwe tutoke.

Njiani tulivuka mto. Halafu baba akasimama kupumzisha mguu. "Nilitembea mpaka Merigi kutafuta udugu, nikaukosa," akasema. "Wewe umeupata pale pale mlangoni, na koti lako." Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo tena, na ningependa angelitaja.

Chelangat aliolewa na karani wa mizani kabla mwaka haujaisha. Mjomba ndiye aliyesimamia shughuli. Kama alinitega siku ile au alikuwa anauliza tu, sijui, na nimechoka kujiuliza. Kinachonichoma ni kwamba kwa hesabu ile ile karani naye ni ndugu yake, sawasawa na mimi, babu wale wale milioni elfu. Tofauti yetu ni kwamba yeye siku ya posa yake alibaki nyumbani.

Nimefundisha hesabu miaka mingi tangu hapo. Kuzidisha kwa mbili nafundisha kwa mahindi na kwa majani chai, na mtoto akiuliza habari za babu zake namtuma kwa mama yake. Mwalimu mwenzangu akinialika nikamsindikize kwenye posa siendi, hata anibembeleze vipi. Na wazee wa huku, ambao bado wanapenda kunichokoza, wakiniuliza jua liko umbali gani, nawajibu tu kwamba liko mbali.