Moshi wa Nyumba ya Mchungaji

Jumamosi ile Mama alikuwa anachambua maharage kibarazani, na Baba anafuta vioo vya nyumba ya Mchungaji Mwingereza. Mchungaji alikwisharudi kwao. Baba, mlinzi wake, ndiye aliyeachiwa funguo. Ilikuwa nyumba ya mawe juu ya kilima chetu, Burundi, imejengwa kama za kwao Uingereza: paa la mwinuko mkali, kuta nene hata mimi na mdogo wangu tuliweza kulala ndani ya dirisha, miguu ikigusana. Nilisinzia pale nikiota mawe yanapumua.

Mama Deo, jirani yetu, akapita na kikapu cha viazi. Mama akamtania, "Wewe na viazi, viazi na wewe!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku chache baadaye tulisikia risasi bondeni. Baba akatuingiza katika nyumba ya mawe na kufunga mbao za madirisha. Aliyejua tuko mle ni Mama Deo peke yake, naye alijificha migombani kwake.

Mdogo wangu alikuwa na kikohozi, na mawe yale yalikuwa baridi, we! Asubuhi Mama akawasha moto kwenye meko ya ukutani. Jikoni kwetu moshi ulikuwa ukizunguka, kisha ukipenya polepole kwenye nyasi za paa. Kwa mbali huuoni. Huu wa meko ulivutwa wote juu, chumba kikabaki safi. Mama akafurahi. "Wazungu hawa! Moshi wameulisha ukuta."

Hakuna kati yetu aliyetoka nje kutazama paa.

Wenye bunduki walikuja kabla jua halijawa kali.

Baba alitusukuma kupitia dirisha la nyuma.

Yeye akarudi kushika mlango.

Tulikimbia. Nyuma yetu mlio mmoja, kisha ndege wakaendelea kuimba.

Kambini Tanzania Mama alikuwa na neno moja tu: Mama Deo katuuza. Milima haikutani, binadamu hukutana. Miaka baadaye tulipohamishiwa Australia, tukamkuta Sydney, anasali kanisa lilelile tunalosali sisi. Akiingia mlango huu, Mama anatokea ule. "Salamu akatafute kwingine," husema.

Siku hizi namhudumia bibi mmoja, Joan, katika nyumba ya mawe waliyoijenga Waingereza wa zamani. Siku ya kwanza nilidhani nimerudi kilimani kwetu: dirisha lilelile la kulalia, meko yaleyale ukutani. Baridi ya Juni ilipoanza, Joan akaniomba niwashe moto. Nikawasha, nikatoka kusukuma pipa la taka barabarani, nikageuka. Juu ya paa, kutoka kwenye dohani, lile bomba la mawe la kutolea moshi, moshi ulisimama wima, mweupe, mtaa mzima unauona.

Nilikaa chini palepale kwenye majani, nikamlilia Baba kama kafa jana.

Nikimwambia Mama, nimembebesha kifo cha mumewe. Nikinyamaza, Mama Deo anabaki msaliti. Wiki nzima sikulala vizuri. Mwisho nikamleta Mama kunywa chai kwa Joan, moto ukiwa unawaka, nikaacha macho yake yajionee.

Alisimama bustanini muda mrefu, kitenge mabegani, uso juu.

"Na kwa Mchungaji ulitoka hivi?"

Nilimshika mkono.

"Nipeleke kwa Mama Deo."

Mama Deo anakaa Cabramatta, kitongoji kingine cha Sydney. Alitufungulia mlango mikono ikiwa na unga. Mama akapiga magoti kizingitini.

"Ni moshi, dada yangu. Ni mimi niliyewasha."

Mama Deo akamwinua, unga ukamshika kwenye kitenge. "Najua. Niliuona nikiwa migombani."

"Ukanyamaza? Miaka yote hii nakutukana?"

Miaka ile haitarudi, wala Baba. Mama Deo alinitazama mimi kwanza, ndipo akamgeukia.

"Mume ulikuwa umeshampoteza. Ningekwambia, hawa watoto ungewalea kwa moyo gani?"