Maneno Aliyoyaruka Mkalimani

Katika nyumba ile hakuna anayezungumza wakati wa kukata mboga. Si kwamba wamenuniana. Kaka mtu ni kiziwi tangu utotoni, dada mtu huzungumza naye kwa lugha ya alama, na mikono iliyoshika kisu haiwezi kupiga umbeya. Jirani akichungulia dirishani huwaona watu wazima wawili wameinamia kabichi kimya kama wako kwenye mtihani.

Dada anaupenda ukimya ule kuliko mshahara. Kazi yake ni ukalimani mahakamani: kiziwi akisema kwa mikono, yeye hutoa kwa mdomo, hakimu akisema kwa mdomo, yeye hutoa kwa mikono. Kutwa nzima anabeba maneno ya watu, viapo vyao na uongo wao, na hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Akirudi nyumbani hutupa mkoba kitini, hunawa mpaka viwikoni, hushika kitunguu. Akifika kwenye karoti, mabega huwa yameshashuka.

Jioni ile hayakushuka. Alikata viazi kimoja kikubwa, kingine kidogo, akasahau njegere kwenye maji, akatia chumvi mara mbili. Kaka mtu, seremala asiyevumilia kitu kilichopinda, alivitazama vile viazi akajikaza asicheke. Akaongeza maji kwenye sufuria, akafunika.

Mezani dada alikigeuzageuza chakula kwa kijiko, hakula. Kaka akaweka kijiko chini, na kwao kuweka kijiko chini ndiko kufungua mdomo.

"Umetia chumvi ya harusi nzima," alisema kwa mikono. "Nani kakuudhi?"

"Nimejiudhi mwenyewe."

Akamweleza. Kesi ilikuwa ya mtoto wa mwaka mmoja. Mama yake ni kiziwi, baba anasikia. Wameachana na kila mmoja anamtaka mtoto. Hukumu ni kesho saa nne asubuhi. Leo hakimu alimuuliza mama kama ataweza kulea peke yake, na mama akajibu: "Usiku mmoja alilia mpaka sauti ikamkauka. Sikujua."

"Roho iliniruka, kaka. Nikaona mtoto anaondoka hivi hivi. Nikasema tu, 'Nampenda mwanangu na namtunza vizuri.'"

Kaka hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha dada.

"Mama aliishia hapo?"

Dada alisukuma bakuli pembeni.

"Hapana. Akasema, 'Tangu usiku ule nalala na utepe. Upande mmoja nimeufunga kwenye mkono wangu, mwingine kwenye mguu wake. Akitikisika kidogo tu, naamka.'"

"Na hilo ulilitoa?"

"Ningelitoaje? Utepe wa nini, kama mtoto hakulia? Nikayaruka yote mawili."

Kumbe alikuwa hajaona alichomnyima yule mama mpaka alipoyasema.

"Ndivyo mlivyonifanyia nyumbani utotoni," kaka alisema polepole. "Mama yetu analia, nauliza kulikoni, unaniambia si kitu. Baba anagomba, si kitu. Wewe ndiye uliyekuwa masikio yangu, mdogo wangu, na ulikuwa unanihurumia. Nilikaa peke yangu katika nyumba iliyojaa watu."

"Sikutaka uumie."

"Najua. Na huyu mama hukutaka aumie. Umemficha kosa moja, ukamnyang'anya na utepe wake."

Dada alilia, tena hakujificha. Huruma, jamani, ina mikono mirefu; hufika hata isikoitwa. Aliporudi katika hali yake aliuliza swali lililomkaa rohoni tangu mchana.

"Nikimwambia hakimu, si watanifukuza?"

"Huenda."

"Na akiyasikia yote, si anaweza bado kumpa baba?"

"Anaweza. Lakini atakuwa amemsikia mama."

Kaka hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimsogezea bakuli, akakata mkate, akampa kipande kikubwa. Safari hii dada alikula. Viazi vilikuwa vimelainika mpaka vinavunjika vyenyewe, kabichi imeshika utamu wa karoti, na joto lilimshuka taratibu kifuani. Alikula kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu, mpaka chini ya bakuli pakaonekana.

Ndipo akapiga moyo konde, akanyoosha mgongo, akajizoeza atakayomwambia hakimu kesho. Akafungua mdomo na kutumia sauti, katika chumba ambacho hakuna wa kuisikia.

"Mheshimiwa, jana nilipunguza maneno ya shahidi."

Kaka alikuwa ameikazia macho midomo yake. Akatikisa kichwa.

"Umemeza maneno mwishoni," alisema kwa mikono. "Rudia."