Sketi Juu ya Kofia ya Bakro

Msuluhishi wa shule ni mtu anayelipwa na serikali ili atukanwe na pande zote mbili. Shangazi Persida aliifanya kazi hiyo mpaka matusi yakawa yanamnenepesha. Asubuhi walimu walimwambia watu wake ni wakaidi. Jioni watu wake, sisi Waroma wafua shaba wa nje ya mji wa Sibiu, Romania, tulimwambia amegeuka gajo, mtu asiye Mroma. Na magajo tunawajua: wanafua soksi na kuosha vikombe katika beseni moja, halafu wanatuletea somo la usafi.

Persida aliwaitikia wote "sawa", akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaenda nyumba iliyofuata kuuliza kwa nini mtoto hayupo darasani.

Mwaka ule alikuwa na tunu moja: Luludi, binti Traila. Hakuna msichana wa mtaa wetu aliyewahi kufika kwenye mtihani wa darasa la nane. Wenzake wote walikuwa wameshaposwa. Luludi alitaka kwenda sekondari mjini, asomee uuguzi. Babake, mtu asiyeweza kumnyima binti yake kitu ila hupenda kukataa kwanza, alikubali baada ya Persida kumnywea kahawa yake majira yote ya baridi. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Siku chache kabla yake shule ikafanya sherehe. Miaka yote wazee wetu waliketishwa nyuma, jirani na mifagio. Safari hii Persida aligombana na mwalimu mkuu mpaka akawapatia viti vya mbele, vyenye mito. Cha katikati alimwekea Bakro, mkubwa wa mtaa, mwenye kofia pana kama sinia la pilau na masharubu yanayoingia chumbani kabla yake. Persida alivipanga viti kwa mikono yake mwenyewe. Alikumbuka nani hasemeshani na nani, nani asikae karibu na mkwewe. Alikumbuka yote, isipokuwa kutazama juu.

Juu kulikuwa na roshani. Mwalimu wa muziki, gajo mwenye roho ya asali na akili ya kuku, akamtuma Luludi apande akaikunjue bendera. Dirisha lilikuwa wazi, upepo ukaingia. Bakro aliinua macho kuitazama bendera, akaona pindo la sketi ya msichana likipepea juu ya kofia yake.

Kwetu, sketi ya mwanamke haipiti juu ya kichwa cha mwanamume. Ikipita, amenajisika, na aliyenajisika hali pamoja na wenzake. Hata mkewe humtengea sahani. Bakro alisimama, akaitupa ile kofia sakafuni, akatoka. Kofia ikabaki pale. Hakuna Mroma aliyethubutu kuigusa.

Jumapili, baraza letu, kris, likakaa uani kwa mzee Burda. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake wamesimama ukutani. Bakro alikuja kichwa wazi, na upara wake peke yake ulitosha kuwa ushahidi.

"Sitaki dhahabu ya mtu, sitaki farasi," alisema. "Msichana atolewe shule leo, kabla ya huo mtihani wao. Huko ndiko alikofundishwa kupanda juu ya vichwa vya baba zake."

"Alitumwa na mwalimu!" Traila alifoka.

"Angetumwa apande juu ya kaburi la babako, angepanda?"

"Mwacheni Traila," akadakia mtoto wa Bakro, dume zima lenye shingo ya fahali. "Masufuria yake yanavuja, na malezi yake vilevile."

Wengine wakacheka. Traila hakucheka. Aliinama chini ya benchi, na alipoinuka alikuwa na nyundo yake ya shaba mkononi. Kufumba na kufumbua ndugu zake wakawa wima, wa Bakro wakawa wima, na mabenchi yakaanguka.

Persida akaingia katikati. Akakamata pindo la sketi yake ya juu kwa mikono miwili.

"Kaeni! Atakayenyanyua mkono ninaivua hii namrushia usoni! Mimi nitabaki na ya ndani. Yeye atakula na mbwa mpaka afe!"

Nimewahi kuona polisi wenye marungu na ngao wakishindwa kuwaketisha wanaume hawa. Waliketi. Mmoja alikalia nyundo yake kwa haraka, akaguna.

"Umetuketisha," alisema mzee Burda huku akijifuta jasho. "Haya, sema. Viti si ulipanga wewe?"

"Nilipanga mimi. Kosa ni langu, si la mtoto."

"Kosa lako, sketi yake," Bakro akajibu. "Atoke shule."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Pale ukutani Luludi alikuwa ameufumbata mdomo wake kwa kiganja, halii.

Persida hakumtazama. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye jumba la Bakro: ghorofa tatu na minara ya bati inayong'aa. Sisi tukipata hela tunajenga ghorofa, kisha tunabanana chini kwa kuogopa sketi. Za juu ni za kutazamwa na jirani. Lakini madirisha ya ghorofa ya tatu yalikuwa na mapazia, na mapazia yale kila Pasaka yalikuwa meupe pe. Mapazia hayajitundiki.

Persida aligeuza macho polepole, akayaweka juu ya Rozalia, mkaza mwana wa Bakro. Rozalia akawa mweupe kama mapazia yenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Neno hilo likishasemwa halirudi. Ingekuwa Bakro amenajisika miaka yote hiyo, akinywa kahawa yake chini huku mkaza mwana akifuta vumbi juu. Ingekuwa kila aliyekula mezani pake amenajisika pia. Na Rozalia angerudishwa kwao na furushi la nguo.

"Baba Bakro," alisema kwa sauti ya chini, "naomba kitu kimoja kabla ya hukumu. Wanawake waape, mmoja mmoja, kwa wafu wao, kwamba sketi zao hazijawahi kuwa juu ya kichwa cha mwanamume. Tuanzie nyumba kubwa, kwa heshima."

"Wanawake wangu hawahusiki!"

"Kweli, hawahusiki. Nilikuwa navutiwa tu na mapazia yako. Yale ya juu kabisa."

Mzee Burda, aliyekula sarma, nyama iliyoviringishwa kwenye kabichi, mezani kwa Bakro Pasaka ya mwaka huohuo, akiongezewa mara tatu, akapaliwa na mate.

Bakro alitazama mapazia. Akamtazama Rozalia, kwa muda mrefu hata mwanamke yule akaushika ukuta. Mshipa ukamtutumka kwenye upara.

"Persida," alisema mwishowe, "kile kiti. Kilikuwa chini ya roshani, au mbele yake kidogo?"

"Aliyekikalia ni wewe, baba."

"Mbele yake kidogo. Iliyokuwa juu yangu ni bendera. Sketi ilikuwa nyuma."

"Lakini baba, si ulituambia..." mwanawe akaanza.

"Funga mdomo, punda wewe!"

Burda hakungoja upepo ubadilike. Akahukumu: msichana afanye mtihani, chumba kiko ghorofani, kwa hiyo mwanamume wa Kiroma asikanyage shuleni mpaka binti ashuke, na Persida asipange tena kiti cha mtu yeyote, maisha yake yote. Persida akasema "sawa". Vile viti vya mbele alikuwa amevipigania sana; aligeuka upande, akakaza kitambaa chake.

Jumatatu Bakro alikuwa ameketi kitini nje ya lango la shule, na kofia mpya, akilinda. Wanaume wetu hawakuja, kwa hiyo alimfukuza mwalimu wa muziki.

"Simama huko! Juu kuna binti yetu anafanya mtihani!"

"Lakini mimi ni mwalimu hapa!"

"Ndiyo maana."

Rozalia akaleta kahawa, kikombe cha mkwewe na kikombe cha Persida. Alipoondoka, Bakro akanong'ona bila kugeuza shingo: "Mwakani mapazia atatundika nani?"

"Yule punda wako ana mikono."

Juu, dirishani, kichwa cha Luludi kilikuwa kimeinamia karatasi. Bakro alikiona, akapima kwa jicho, akasogeza kiti chake mbele kidogo.