Siku Tufani aliponitii

Leo Tufani ameruka gogo kwa mara ya kwanza. Ndiyo mara yake ya mwisho.

Miezi kadhaa nnamfundisha huyu farasi mdogo kuruka, pale ufukweni Bwejuu. Kila akilifikia gogo la mnazi, anagoma.

Asubuhi nkaliburura gogo sehemu nyengine, penye mchanga tambarare. Nkaona pazuri kweli.

Nkampanda, akaenda mbio, akasimama ghafla. Akanusa mchanga, akarudi nyuma.

Nkasema ukaidi ule ule. Nkamchapa.

Akaruka! Jamani, akaruka vizuri, hata nkapiga ukelele wa furaha tukiwa bado juu.

Tulipotua, mguu wake wa mbele ukazama mpaka gotini. Nkausikia ukivunjika.

Chini palikuwa na shimo la makumbi. Kina mama wa hapa huyafukia makumbi ya nazi mchangani yaoze, wapate kusokota kamba. Mie mtu wa mjini, nnajulia wapi?

Bi Mize, mwenye shimo lake, ndiye aliyemshika kichwa mpaka daktari wa mifugo alipomchoma sindano ya kummaliza.

Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani farasi mwenyewe hakukataa?"

"Alikataa, Bi Mize."

Msiniandikie pole. Niambieni tu: nyinyi mngemsikiliza?