Kapsuli Sita Zilizobaki

Mvua za mwaka jana zilipoanza, mama yangu aliugua tumbo, na siku ya tatu aliniomba kitu nilichokuwa nimekificha kwa miaka minne. Alikuwa amejinyoosha kwenye kiti kirefu cha sebuleni, kitenge magotini, dirisha limefungwa kwa sababu ya unyevu unaopanda mtaa wetu wa Nyalukemba kutoka ziwani. Akasema bila kufungua macho:

«Mu placard ya bitabo iko kisanduku ya dawa ya tumbo. Nilionaka pale. Niletee.»

«Haiko, mama.»

«Nilionaka.»

«Ilikwisha.»

Mwanamke mzima, mwenye kadi ya ofisi shingoni, nikamdanganya mama mgonjwa bila hata kupepesa macho. Kisanduku kilikuwepo. Kilikuwa kabatini, nyuma ya kamusi ya Kifaransa, na ndani yake mlikuwa na kapsuli sita na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Za mwanzo zilikuwa zimeingia tumboni mwa baba yangu. Hizo sita zilibaki kwa sababu alikufa kabla ya kuzimaliza.

Baba alipasuliwa utumbo katika hospitali moja ya mjini. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Walimwekea mrija shingoni, wa kupeleka maji na dawa moja kwa moja kwenye mshipa, na baada ya siku kadhaa wakamruhusu kunywa uji. Lakini antibiotiki zilimharisha hata akaona haya kugeuzwa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha suruali hata siku ya kukaa nyumbani, na sasa binti yake ndiye aliyekuwa akimpangusa. Kwetu hospitali inatoa kitanda na daktari. Kulisha, kuosha na kubadilisha shuka ni kazi ya garde-malade, yaani mtu wa nyumbani anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa. Zamu hiyo ilikuwa yangu.

Baba aliomba mashanza, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu ambayo kila mtoto wa huku kwetu Bushi amekulia. Nilimkatalia. Kazi yangu ni kufundisha watu usafi. Ninazunguka vijijini na picha za kuonyesha namna ya kunawa mikono. Nikamuuliza maziwa hayo yamekamuliwa na nani, yamekaa kwenye bidoni gani ya plastiki. Akageukia ukuta. Nikashuka kwenye farmasia iliyokuwa ikitazamana na lango la hospitali, nikaeleza shida, na muuzaji akaniwekea kisanduku mezani.

«Hii iko sawa mashanza, maman. Ila iko propre.»

Neno hilo lilinifurahisha mno. Mashanza safi, ya kufungwa, yenye maandishi. Sikumwuliza daktari wala muuguzi. Kwangu haikuwa dawa, ilikuwa chakula, na chakula garde-malade hamwombi mtu ruhusa. Mara mbili kwa siku nilifungua kapsuli kwa vidole, nikamwaga unga wake kwenye uji, nikakoroga. Ulikuwa unga mwepesi sana, unaruka. Ulinishika vidoleni, ulianguka kwenye shuka. Na kwa vidole hivyohivyo nilinyoosha ule mrija wa shingoni baba alipojigeuza. Picha zangu za kunawa mikono zilikuwa ndani ya mfuko, chini ya kitanda.

«Imepoa?» aliniuliza kila mara, akiogopa kuungua ulimi. Nami nilikuwa nagonga kijiko mara mbili ukingoni mwa kikombe, kumwambia tayari.

Siku ya nne ya kapsuli, mdogo wa baba alifika. Tulimwita Tonton, yaani baba mdogo, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese huko Bunyakiri, na alikuja na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Alikuwa amepitia kijijini kwao na kujaza thermos ya mashanza, maana kaka yake alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba binti anamnyima. Shangazi zangu wawili walikuwepo. Tonton akamimina, akamwinua baba kichwa, baba akanywa mafunda mawili na kucheka. Nilinuna. Sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho kuyaona meno yake.

Lakini Tonton hakuonja kwanza. Mji wetu una desturi hii: anayekupa kinywaji hukifungua mbele yako, na hukionja yeye kabla yako. Ni kwa ajili ya karuho, sumu ya polepole ambayo watu husema hutiwa kwenye pombe, kwenye chai, kwenye chochote. Hata kwenye arusi, chupa iliyofunguliwa nyuma ya mlango haina mnywaji. Tonton alikuwa na haraka na furaha, na mgonjwa alikuwa kaka yake wa damu. Alisahau. Nikaona shangazi mmoja akimkonyeza mwenzake.

Kesho yake homa ikapanda. Baba alitetemeka hata kitanda cha chuma kikatoa sauti, na siku ya tatu ya homa hiyo akatutoka.

Tulikuwa tumekwisha kumzika nilipokwenda kuchukua majibu ya damu yaliyokuwa yamechelewa. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa: kwenye damu kulionekana levures, yaani chachu, vijidudu kama vile vinavyoumua mkate. Nilikuwa nimeliona neno hilo. Lilikuwa kwenye kisanduku, kwa herufi za kijani, chini ya jina la dawa. Niliketi kwenye ngazi za maabara na watu wakanipita juu ya miguu.

Niliporudi nyumbani, matanga yalikuwa yamekwisha kuhukumu. Karuho. Shangazi walikuwa na ushahidi mmoja tu, na uliwatosha: hakuonja. Mama alisimama katikati ya waombolezaji, macho makavu.

«Usikanyage tena mulango yangu,» akamwambia Tonton.

Tonton hakujitetea. Alizungusha macho akitafuta mtu mmoja wa kumsemea. Yakanifikia. Nami nikainama, nikafunga upya kitambaa changu cha kichwa, ambacho hakikuwa kimefunguka. Karatasi ilikuwa mkobani mwangu.

Tangu siku hiyo baba hakuondoka. Sisemi nimeona mzimu. Mimi ni Mkatoliki na ni mbishi. Nasema tu kwamba mtu akigonga kijiko kwenye kikombe, hata kantini ya ofisi, nasikia «Imepoa?» nyuma ya bega langu, na ngozi ya kichwa inanikaza. Niliacha kupika uji. Kazini niliomba nihamishiwe kwenye mafunzo ya vyoo, nisiishike tena ile picha ya mikono. Kila Pasaka Tonton alitutumia bidoni ya mafuta kwa dereva wa lori, na kila Pasaka mama aliimwaga kwenye mtaro mbele ya nyumba. Alama nyekundu ilibaki kwenye saruji, mvua zote za Bukavu hazikuitoa. Niliiruka kila asubuhi nikienda kazini.

Sasa mama ndiye alikuwa akiharisha, naye alikuwa kwenye antibiotiki za kifua, na alitaka kapsuli zilezile. Nilimkorogea maji ya chumvi na sukari. Alasiri macho yake yalikuwa yamezama, na nikaogopa hata nikakasirika, maana mimi nikiogopa hukasirika. Nikamvalisha sweta, nikatia kisanduku mkobani, tukaenda kituo cha afya.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Alimpima, akambinya tumbo, kisha akauliza kitu ambacho wakati wa baba hakuna aliyeniuliza, nami sikukisema.

«Nyumbani maman anakunywa nini ingine? Hata majani, hata ya kununua.»

Nikatoa kisanduku. Mama yangu anasoma kitabu cha misa cha Kiswahili, lakini Kifaransa hakijui, kwa hiyo nikauliza kwa Kifaransa, haraka, kama mtu anayeuliza bei. Niliuliza kama hizi kapsuli, zikifunguliwa karibu na mgonjwa mwenye mrija shingoni, zinaweza kumwua.

Daktari alimtazama mama, akanitazama mimi.

«Mugonjwa wangu ni maman. Tuseme Swahili, asikie.»

Akageuza kisanduku. «Hii utupe, tarehe yake ilipitaka zamani. Ya mupya maman anaweza kunywa, juu hana mrija ya perfusion, hana ugonjwa ya kumaliza nguvu ya mwili. Siku chache tu. Na kama ni ya aina ingine, yenye si levure, anaacha saa mbili kisha antibiotique. Atameza na maji ya kawaida, hapana mu uji ya moto, juu bijidudu biko hai ndani, moto inabiua. Lakini dawa ya kwanza ni ile maji ya chumvi na sukari. Akiona damu mu choo, ao homa, musingoje kapsuli. Murudi.»

Akaweka kisanduku chini.

«Kwa mutu mwenye perfusion mu shingo, hapana. Hata kufungulia karibu naye, hapana. Bikiingia mu damu, inakuwa ingine mambo. Huyo mugonjwa alikuwa nani?»

Mama ndiye aliyejibu.

«Alikuwa bwana yangu.»

Nikakunjua karatasi. Daktari aliisoma mara mbili, na namshukuru kwamba hakuninyima ukweli wala hakuniongezea.

«Siwezi kujua,» akasema. «Levure iko aina mingi, na hapa hawakuandika ni gani. Ingine mutu anakuwaka nayo mu tumbo, na kisha kupasuliwa inapata njia. Inaweza kuwa ile ya kapsuli, inaweza kuwa haiko ile. Lakini ungeambia bauguzi. Bangekukataza siku ya kwanza.»

«Na maziwa ya shemeji yangu?» mama akauliza. «Karuho?»

«Maman, hii karatasi haisemi sumu. Inasema levure.»

Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Wakati wa kwenda mama alinishika mkono. Wakati wa kurudi aliuachia, akashika ukuta wa majirani, na palipokosekana ukuta akasimama peke yake mpaka pumzi zimrudie. Tulipofika mtaroni alisimama juu ya alama nyekundu. Sikuwahi kumwona akiikanyaga. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani.

Nilinunua kisanduku kipya, nikakagua tarehe mara tatu, nikanawa mikono hadi viwiko. Nilipotaka kumtolea kapsuli, akaninyang'anya.

«Acha. Ntaitoa mi mwenyewe.»

Iliniuma kuliko kofi. Siku ya nne tumbo lilitulia. Labda ni kapsuli, labda ni maji ya chumvi na sukari, labda ni kwamba antibiotiki zenyewe zilikuwa zimekwisha. Sijui, na nimeacha tabia ya kujifanya najua. Alipokula sahani yake ya kwanza akaisukuma kando, akaniambia nimpigie Tonton.

«Nimuambie nini, mama?»

«Ile uliambia docteur. Yote.»

Nikasema yote, mama ameketi mbele yangu akinihesabia maneno kwa macho. Upande wa pili nilisikia kuku wakilia. Nilifikiri atanitukana, na kwa kweli nilitamani anitukane.

«Nimesikia,» akasema Tonton. «Siku ya mungu ntakuya.»

Alikuja Jumapili baada ya misa. Miaka minne ilikuwa imemzeesha kwa kumi. Alisimama nje ya kizingiti, thermos mkononi, hakuvuka mpaka mama alipomwambia mara mbili aingie. Aliketi ukingoni mwa kiti.

«Ni mashanza,» akasema. «Maziwa ilichemuka kwanza, mbele ya kuigandisha. Nilisimamia mi mwenyewe.»

Kisha akafungua thermos hadharani, akiinua juu ili tuone kifuniko kikitoka. Akamimina kikombe taratibu. Akakipeleka kinywani mwake aonje, na nikaelewa kwamba kwa miaka minne, kila alikokwenda, mtu huyu hajasahau tena kuonja.

Mama aliinuka. Akakichukua kile kikombe kabla hakijagusa midomo ya Tonton, akanywa mpaka chini. Tonton akafunika uso kwa kofia yake. Nami nikaanza kulia, kwanza kwa haya, halafu kwa furaha, nikidhani jambo limekwisha.

Mama akapangusa mdomo na kunipa kikombe kitupu.

«Muwekee na yeye,» akasema. «Lakini weye, onja kwanza.»

Nikamimina. Nikaonja, mbele yao wote wawili, na nyuma ya bega langu baba akauliza kama imepoa.