Jina la Baba Kwenye Karatasi ya Bima

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Shule niliishia ya msingi, na kalamu yangu huenda polepole kama ng'ombe akipanda ukingo wenye tope. Ila kuna kosa moja la herufi ambalo siliombei msamaha, na ndilo nitakalolieleza.

Baba yangu alikuwa daktari katika hospitali ya huku mtoni. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya hospitali. Siku moja mto ukiwa umefura, aliitwa ng'ambo kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Mtoto alizaliwa salama. Wakati wa kurudi maji yaliusukuma mtumbwi hadi kwenye gogo, na mkono wa kulia wa baba ukabanwa katikati. Akapelekwa Mombasa. Tuliambiwa mkono utapona, lakini ni baada ya miezi mingi. Daktari mwingine angekuja, na nyumba ni ya daktari. Sisi tungekwenda wapi, na tungekula nini?

Tegemeo letu lilikuwa bima. Baba alipoikata, mama alimcheka. "Unalipia maumivu ambayo hayajaja? Huko ni kuyaita."

Baba akamjibu, "Mama watoto, anayejenga dungu la kulindia shamba hamwiti kiboko."

Sasa kiboko alikuwa amekuja, tena bila kuitwa.

Karani wa bima alifika kwa kivuko cha Garsen, viatu vimejaa tope. Tulimpa kiti barazani. Alikuwa na haraka, kwa sababu maji yalikuwa yanapanda na kivuko kingesimamishwa.

"Mama, jina la mume wako?"

"Baba watoto."

"Jina lake hasa."

"Daktari."

Karani akafuta jasho. "Mama yangu, madaktari ni wengi. Kwenye orodha ya hospitali jina limeandikwa hivi, kwenye fomu ya bima lina herufi nyingine. Lazima nijue kama ni mtu mmoja. Nikikosa kujua, malipo hayatoki."

Mama akatazama miguu yake. Kwetu mke halitaji jina la mumewe, na mtoto halitamki jina la baba mbele ya mama yake. Tangu aolewe, mama hakuwahi kulitia jina hilo kinywani.

Mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa alikuwa amekaa kizingitini akingoja kibuyu chake. Akasema, "Karani, wewe oa kwanza. Halafu kuja uliza."

"Nimeoa, mama!"

"Basi bibi yako naita wewe nani? Bwana Fomu?"

Mama alicheka hadi akafunika uso kwa leso. Karani naye alicheka, lakini akaanza kukunja karatasi zake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mbele ya mgeni ulimi wangu hukauka, na hata ningeruhusiwa kulisema jina lile, nadhani lisingetoka.

Ndipo mama akaniita. "Mwanangu, njoo na kalamu. Kuandika si kutamka."

Nikaandika. Nilikwenda polepole, na wino ukadondoka mara mbili.

"Dada, hizo ni herufi, si mawe," karani akasema akitazama saa.

Niliandika kama baba alivyonifundisha, na herufi yake moja ya ziada. Mwalimu alikuwa akiikata kwa wino mwekundu kila mara kwenye daftari langu. Baba alisema, "Mwalimu ana jina lake, nami nina langu." Sikuthubutu kuiacha.

Karani aliweka karatasi yangu kando ya fomu aliyoijaza baba. Kidole chake kilipita juu ya herufi moja moja, kikasimama.

"Hii nani alikufundisha?"

"Baba," nikasema. Ndilo neno pekee nililomwambia siku ile.

Akashusha pumzi ndefu. "Basi ni mtu mmoja. Aliyeandika ile orodha alidhani anamsahihisha."

Mama akaweka dole gumba, na karani akakimbilia kivuko. Mwanamke wa maziwa akamwita kwa nyuma, "Salimia bibi, Bwana Fomu!" Mama alikaa chini barazani palepale, akalia kidogo, kisha akaenda kuchemsha maziwa.

Malipo yalikuja mwezi baada ya mwezi. Tulihamia nyumba ya kupanga karibu na shamba letu la mpunga, na hakuna siku tuliyolala njaa. Baba alirudi na mkono mwembamba, lakini vidole vinakunjika. Siku ya kwanza alipoweza kushika kalamu aliandika jina lake, na ile herufi ikiwa mahali pake. Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Jina hakulitamka.

Ninyi mnaosoma, niandikieni. Kwenu mama akiulizwa jina la mumewe ofisini, hufanya nini? Msiogope kukosea herufi. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika.