Tulimwalika mwandishi shule ya primary, tukampangia program ya harambee

Wakuu, habari za huko mliko. Hii sikuambiwa na mtu, nilikuwa ndani yake mwenyewe.

Mimi nashona uniform kwa kasoko kamoja huku ndani ya Kambu, Makueni. Masomo yaliishia form four na sitawaambia nilipata nini. Lakini hadithi nasoma kila siku, na siku moja nitaandika yangu. Chekeni tu.

Sasa kuna mwandishi wa vitabu vya watoto, mama fulani wa Kitui. Nilimwandikia Facebook nikamwomba atembelee shule yetu, bila kutegemea jibu. Akajibu, "Nitakuja."

Mwalimu mkuu akaniambia, "Fundi, wewe ndio umemleta. Panga program."

Wiki hiyo msichana wa class six, Mwikali, akaniletea sketi ya shule imefumuka pindo.

"Aunty, nishonee vizuri. Nataka kumuuliza mgeni swali moja."

"Swali gani?"

"Ni la mgeni."

Mwikali anaishi na susu yake, yaani nyanya, na mbuzi. Nikamshonea hapo hapo.

Turudi kwa program. Wakuu, program zenye nimewahi kuona ni za harambee na za matanga, kwa hivyo nikapanga venye najua. Maombi, pastor. Mwenyekiti wa wazazi. Chief. Kwaya. Mtu wa MCA, yaani mjumbe wa wadi. Halafu mgeni, halafu chakula. Mwalimu mkuu akasoma akasema iko sawa kabisa, ila nimesahau assistant chief.

Siku ikafika. Mwandishi akashuka kwa boda amevaa raba, begi mgongoni. Chief akampita akiuliza mgeni anakuja na gari gani.

Pastor aliombea shule, mvua, na wote walio safarini. Mwenyekiti akatupa historia ya choo. Chief akakemea pombe haramu, na mbele yake wamekaa watoto wa nursery. Mtu wa MCA alichelewa, akasema hana mengi. Alikuwa nayo.

Mwikali alikaa mbele, sketi imenyooka. Kila mtu akimaliza, mkono wake unaenda juu. Hakuna aliyeuona.

Mgeni alipewa dakika tano. Amejitambulisha tu, kwaya ikaingia tena. Kisha akapelekwa staffroom kwa kuku na chapati. Na bus yake ilikuwa ipite Kambu saa kumi.

Akaninong'oneza, "Na watoto naongea nao saa ngapi?"

Nikaangalia program. Watoto walikuwa wamewekwa kuimba na kupiga makofi.

Mama wa watu akabeba sahani yake, akatoka hadi jikoni kwenye watoto walikuwa kwa line ya githeri. Mwalimu mkuu mbio nyuma yake.

"Madam, mgeni hali nje!"

"Mwalimu, niache. Nimekaa na wakubwa tangu asubuhi."

Akakaa juu ya jiwe. Mwikali akatoka kwa line, akasimama mbele yake wima.

"Ukiandika, mbuzi zako zinachungwa na nani?"

Wenzake walicheka mpaka githeri ikamwagika. Mwandishi hakucheka.

"Kwani zako zinaendaga wapi?"

"Nikiandika zinaingia shamba la watu. Susu amesema akiona kitabu huko malishoni tena, anachoma."

"Zangu ni sufuria," mwandishi akasema. "Nimeunguza maharagwe mpaka bwanangu akajifunza kupika." Akafikiria kidogo. "Wewe andika mbuzi. Huwezi kumwandika kama hujamwangalia, si ndio?"

Mwikali akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa line. Kumbe wengine nao walikuwa na maswali. Wakauliza mpaka githeri ikapoa.

Bus ilimwacha. Baadaye akaniandikia: "Niko hapa stage na mama wa mahindi choma, nangoja ingine. Usijali, naandika."

Mwikali namuona Jumamosi akiwa juu ya mwamba, uso kwa mbuzi, daftari kwa goti. Kitabu hakijachomwa. Naskia jioni susu mwenyewe ndiye anauliza, "Na leo yule mbuzi mweusi alifanya nini?"

Nilichojifunza: ukialika mgeni wa watoto, weka watoto namba moja. Wakubwa watapata mahali pa kuongea, hawakosangi.

Karibuni mchangie. Nyinyi kwenu wageni wa shule mnawapangaje? Na niambieni, chief mnamuweka wapi bila kumkasirisha?